Mkanda Mmoja, Tarehe Mbili

Kila mkanda wa filamu uliopigwa na serikali ya Marekani, tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi miaka ya sitini, una tarehe mbili. Ya kwanza ni siku kamera ilipowashwa. Ya pili ni siku raia wa kawaida aliporuhusiwa kuutazama. Mara nyingine tarehe hizo zinaachana kwa miezi mitatu, mara nyingine kwa miaka 35, na waliomo ndani wengine wameshazikwa.

Mimi ni mhariri wa video hapa Dar es Salaam. Mchana nakata harusi, matangazo na hotuba za wakubwa. Usiku, bando likiruhusu, naingia kwenye hifadhi za filamu za Wamarekani na kukaa humo mpaka macho yanauma. Kwa miaka ambayo nimefanya hivyo nimefika mahali pa kuamini kwamba ukitaka kuijua nchi ile, usitazame picha peke yake. Tazama na pengo lililopo kati ya hizo tarehe mbili, kisha uulize ni nani aliyeliweka.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana sisi tunaorekodi picha saa nzima kwa simu hatuna habari jinsi filamu ilivyokuwa adimu. Kamera iliyoaminiwa na wapiga picha wa vita ilikuwa Eyemo ya Bell & Howell: pande la chuma lisilo na betri, linalotiwa ufunguo kama saa ya mezani ya zamani. Mkanda wake wa kawaida ulikuwa wa futi 100. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, futi 100 za filamu ya milimita 35 zinakwisha kwa dakika moja na sekunde chache. Baada ya hapo unachuchumaa, risasi zinapita, unabadilisha mkanda. Na kamera ile haikuchukua sauti. Ile milio ya mabomu na kelele za askari unazozisikia kwenye filamu za vita hivyo, karibu zote zilibandikwa studio, na sauti nzito ya msimulizi ikafuata juu yake.

Ndiyo maana napenda mikanda ghafi, ile isiyokatwa, iliyo kimya. Humo askari anageuka na kuitazama kamera. Afisa anasubiri aambiwe aanze kutembea. Anapita mtu ambaye hakutakiwa kupita. Filamu mashuhuri ya John Huston, mwongozaji wa Hollywood, kuhusu mapigano ya San Pietro kule Italia ilisifiwa kwa ukweli wake, lakini wanahistoria walipopitia picha zilizobaki na kumbukumbu za jeshi waligundua kwamba sehemu kubwa ya mapigano iliigizwa baada ya kijiji kutekwa, kwa askari wa kweli na vifaa vya jeshi. Aliyetazama filamu iliyokamilika hakuwa na njia ya kujua.

Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na kikosi chake cha mawasiliano, Signal Corps, ambacho mwaka 1942 kilichukua studio ya zamani ya Paramount huko Astoria, Queens, jijini New York, kikaigeuza kiwanda cha filamu za jeshi. Waongozaji wa Hollywood nao wakavaa sare: Frank Capra, John Ford, William Wyler, Huston. Ford alijeruhiwa akiwa anapiga picha za mapigano ya Midway, katika Pasifiki, Juni 1942. Hayo yameandikwa sana na sitayarudia. Twende Tarawa.

Betio, sehemu ya Tarawa, ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika nchi inayoitwa leo Kiribati. Tarehe 20 Novemba 1943 askari wa Marine, jeshi la Marekani la kuvamia kutoka baharini, walikwenda kukitwaa kutoka kwa Wajapani, na bahari ikawageuka. Mtu wa pwani nikimwambia kwamba ilikuwa siku ya maji mafu ataelewa mara moja: maji hayakupanda vya kutosha kufunika mwamba. Mashua zikakwama nje. Askari wakashuka na kutembea mamia ya mita ndani ya maji, bunduki zimeinuliwa juu ya kichwa, huku bunduki za rashasha zikiwafyeka kutoka ufukweni. Mapigano yalichukua takriban siku tatu. Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa. Kwa upande wa Wajapani walikuwa maelfu, na askari wao waliotekwa wakiwa hai walikuwa 17 tu.

Sajini Norman Hatch alikuwa na umri wa miaka 22 na kamera. Katika mojawapo ya picha zake, Wajapani wanatoka mbio kwenye handaki huku Marine wakiwa mbele yao, wote ndani ya fremu moja, jambo ambalo karibu halikutokea tena katika vita vya Pasifiki. Lakini si picha hiyo inayonifanya nisimamishe mkanda. Ni ile ya ufukweni, baada ya bunduki kunyamaza. Maiti za Wamarekani zimelala kifudifudi pale maji yanapoishia. Filamu ni ya rangi, maji ni ya kijani laini, jua limewaka vizuri. Vijiwimbi vinaisogeza maiti mbele kidogo, vinairudisha. Mkono unanyanyuka na maji na kushuka. Kamera haiondoki haraka. Mimi ningekuwa na mteja ningekata picha hiyo mapema, na ningekuwa nimeiharibu.

Kabla ya hapo umma wa Marekani ulikuwa haujaonyeshwa wafu wake namna hiyo. Uamuzi ulipelekwa mpaka kwa Rais Roosevelt. Alimuuliza mwandishi wa habari Robert Sherrod, aliyekuwa Tarawa wakati wa mapigano, naye akamweleza kwamba askari wenyewe wanataka watu wa nyumbani waione vita ilivyo. Roosevelt akaruhusu. Machi 1944 filamu With the Marines at Tarawa ikaingia majumba ya sinema, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya kumbukumbu. Pengo la tarehe: miezi mitatu na ushei. Lilikuwa fupi kwa sababu serikali ilihitaji wananchi wakaze mkanda, wanunue hati za dhamana za vita, waache kudhani ushindi u karibu. Maiti zile zilikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa linganisha na waliorudi wakiwa hai lakini wamevunjika ndani. Huyo huyo Huston alitumwa na jeshi kwenye hospitali ya Mason General, Long Island, apige filamu ya askari waliopoteza usemi, miguu au kumbukumbu bila jeraha lolote mwilini. Lengo la jeshi lilikuwa jema: waajiri wasiwaogope watu hawa. Akaweka kamera kwenye vyumba vya mahojiano na kuiacha izunguke. Yumo kijana mmoja mweusi anayeanza kueleza kuhusu picha aliyotumiwa na mpenzi wake, sauti inakatika, analia, na daktari anamwambia taratibu kwamba hakuna ubaya kuonyesha hisia. Unaona pia askari weusi na weupe wakitibiwa chumba kimoja, wakati jeshi lenyewe lilikuwa bado likiwatenga. Amri ya Rais Truman ya kukomesha ubaguzi jeshini ilitoka Julai 1948.

Filamu hiyo, Let There Be Light, ilikamilika mwaka 1946. Ilipokaribia kuonyeshwa kwenye Museum of Modern Art, New York, polisi wa jeshi walifika na kuichukua. Sababu iliyotolewa ilikuwa faragha ya wagonjwa. Miaka miwili baadaye jeshi likatoa filamu nyingine juu ya jambo hilo hilo, yenye waigizaji, wote weupe. Ya Huston haikuachiwa hadi Makamu wa Rais Walter Mondale alipoingilia kati mwishoni mwa 1980. Mtu mzima aliyelia mbele ya kamera akiwa na miaka ishirini na kitu alikuwa amefikia umri wa kustaafu. Faragha ni jambo la kweli, silipuuzi. Lakini serikali ambayo miaka miwili nyuma ilikubali maiti wa Betio waonekane majumba ya sinema haiwezi kuniambia kwamba kilichoishinda ni machozi ya mgonjwa kuonekana. Maiti alithibitisha ushujaa. Mgonjwa aliuliza swali.

Pengo linalonikera kuliko yote ni la Hiroshima na Nagasaki. Wajapani wa shirika la filamu la Nippon Eigasha walianza kupiga picha katika miji hiyo vuli ya 1945, na mmoja wa wapiga picha wao alikamatwa na askari wa Marekani akiwa kazini Nagasaki. Baadaye wakaruhusiwa kumalizia chini ya usimamizi wa Wamarekani, kisha mikanda ikachukuliwa kwenda Marekani na kufungiwa. Japani ilirudishiwa mwaka 1967. Mwaka 1970 ndipo Wamarekani walipopata kuona dakika 16 zilizokatwa kutoka humo na mwanahistoria wa utangazaji Erik Barnouw.

Hiyo ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Sambamba nayo palikuwa na kikosi cha Jeshi la Marekani lenyewe kilichopiga kwa filamu ya rangi, wakiwemo Daniel McGovern na Herbert Sussan. Januari 1946 waliingia kwenye hospitali ya Omura, nje ya Nagasaki, wakamkuta Sumiteru Taniguchi, kijana aliyekuwa na miaka 16, akisambaza barua kwa baiskeli, siku bomu lilipoanguka. Amelala kifudifudi. Mgongo wote hauna ngozi. Filamu ya Kodachrome hutunza rangi nyekundu kwa namna ya ajabu, na wekundu ule haujachuja hadi leo. Mikono ya wauguzi inaondoa vitambaa polepole, kamera inakaribia, kijana anapumua. Hiyo pumzi ndiyo inayoniondoa kwenye kiti. Mikanda hiyo iliwekewa muhuri wa siri, na ilianza kuonekana kwa umma miaka ya themanini ikianza. Taniguchi aliishi hadi 2017, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kusimama mbele ya watu akiwaonyesha picha ile na kuwaambia kwamba ni yeye.

Nataka msomaji wa Lubumbashi na Likasi alisikie hili kwa sauti. Sehemu kubwa ya urani iliyotengenezewa bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyomiliki mgodi, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, kabla Marekani haijaingia vitani, na Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols akayanunua. Kisha wahandisi wa Jeshi la Marekani wakasaidia kuufufua mgodi uliokuwa umejaa maji. Waliochimba na kubeba mawe hayo ni watu wa Katanga, watu wa Kiswahili hiki hiki tunachoandikiana. Ukikaa na filamu za bomu, saa baada ya saa, utaona wanasayansi, marubani, majenerali, mbuzi na nguruwe waliofungwa kwenye meli za majaribio ya bomu kule Bikini, Pasifiki, mwaka 1946. Wachimbaji hawamo. Hilo nalo ni pengo, na lenyewe halina tarehe ya pili.

Baada ya vita majaribio yaliendelea, na kamera zikaongezeka. Jeshi la Anga lilikuwa na studio kamili ya siri vilimani juu ya Hollywood, Lookout Mountain, iliyofanya kazi kuanzia 1947 hadi 1969. Kati ya 1945 na 1962 Marekani ililipua mabomu 210 hewani, na yalipigwa filamu takriban 10,000, nyingi kwa kamera za mwendo kasi sana, kwa ajili ya kupima ukubwa wa moto. Kisha zikasahaulika kwenye maghala. Greg Spriggs, mwanafizikia wa maabara ya Lawrence Livermore, ndiye aliyeanza kuzikusanya na kuziskani. Hadi Machi 2017, zilipowekwa za kwanza mtandaoni, kikosi chake kilikuwa kimepata kama 6,500, kimeskani takriban 4,200, na 750 hivi zilikuwa zimeondolewa usiri. Alisema makopo yakifunguliwa yananuka siki.

Harufu hiyo wahariri wa zamani wanaijua. Filamu ya asiteti ikizeeka vibaya hutoa asidi ya siki, hupinda, husinyaa, na ugonjwa huo ukishaanza unaharakisha wenyewe. Zile za kabla yake, za naitreti, ni hatari zaidi. Zikiwaka huwezi kuzizima kwa maji wala kwa kuzinyima hewa. Tarehe 7 Desemba 1978 ghala la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Suitland, Maryland, lilishika moto, na zaidi ya futi milioni 12 za habari za sinema za Universal zikateketea siku hiyo. Kwa hiyo mwenye kuficha mkanda asidhani anauahirisha tu. Pengo likirefuka kupita kiasi, kemia inaamua badala yake.

Kuna tukio moja ambalo halikuwa na pengo kabisa, na matokeo yake yanajulikana. Seneta Joseph McCarthy alikuwa ametisha Washington kwa miaka minne kwa tuhuma za ukomunisti. Kuanzia 22 Aprili hadi 17 Juni 1954, Seneti ilisikiliza ugomvi wake na Jeshi, na mitandao ya televisheni ya ABC na DuMont ikarusha moja kwa moja, siku hadi siku. Tarehe 9 Juni alimtaja kijana wa ofisi ya Joseph Welch, wakili wa Jeshi, akimhusisha na chama cha wanasheria alichodai ni cha wakomunisti. Welch, mzee mpole wa Boston, alimjibu kwa kumuuliza kama hatimaye hana hata chembe ya adabu iliyobaki. Tazama McCarthy katika dakika hizo. Anaendelea. Anapekua karatasi. Roy Cohn, msaidizi wake, anatikisa kichwa akitamani anyamaze, lakini yeye anaendelea, mpaka Welch anakataa kuzungumza zaidi na ukumbi unapiga makofi. Desemba mwaka huo Seneti ilimkemea rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22.

Wakati ule kurekodi televisheni kulimaanisha kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini, ndiyo maana picha ina ukungu na kingo zake zimeviringika. Mwaka 1964 mtengeneza filamu Emile de Antonio alizichukua saa 188 za rekodi hizo akazikata mpaka dakika 97, bila msimulizi hata mmoja. Kwangu mimi hilo ni darasa la uhariri lisilo na ada. Hakumwambia mtazamaji afikiri nini. Alimwachia McCarthy azungumze.

Na sisi je? Sisi tuliwahi kuwekwa upande wa pili wa pengo. Sheria ya Marekani ya 1948 ilizuia filamu za serikali zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje zisionyeshwe ndani ya Marekani. Shirika la habari la USIA lilizipeleka duniani kupitia ofisi za USIS, zilizokuwa na maktaba Dar es Salaam na Nairobi. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa shule miaka ya sitini, na alikuwa akisimulia sinema za bure za Wamarekani kwa furaha kuliko alivyosimulia mpira. Miongoni mwa kazi za USIA imo The March ya James Blue, dakika 33 kuhusu maandamano ya Washington ya 28 Agosti 1963. Inaanza na watu wa kujitolea wakifunga sandwichi kwa maelfu, mabasi yakiondoka gizani, nyimbo, jasho, kisha Martin Luther King. Wabunge kadhaa waliona inaianika nchi vibaya, na mkurugenzi wa USIA, Carl Rowan, ambaye mwenyewe alikuwa mweusi, akalazimika kuiongezea utangulizi wa maelezo. Ilizunguka nje. Mmarekani mweusi wa Alabama aliyepanda basi kwenda kwenye maandamano yale hakuruhusiwa kuiona nyumbani kwake hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1990. Robo karne na zaidi, kwa filamu inayomhusu yeye.

Leo kazi za watumishi wa serikali ya Marekani hazina hakimiliki nchini mwao. Unaweza kuzipakua, kuzikata, kuzitumia. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu picha nyingi zinazotembea za uhuru wetu wenyewe zinauzwa Ulaya kwa kuhesabu sekunde, na bei yake inamshinda mwanafunzi wa Mlimani.

Anayetaka kuanza, aingie kwenye katalogi ya mtandaoni ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Mikanda yenyewe iko College Park, Maryland. Imepangwa kwa namba za makundi: 111 ni Signal Corps, 127 ni Marine, 342 ni Jeshi la Anga, 306 ni USIA. Kwa sisi wa huku, 306 ndiyo ya kuchimbua kwanza. Usidanganywe na vichwa vya habari. Soma kadi za maelezo ya kila picha, zilizopigwa taipu na makarani wa wakati ule, maana humo ndimo mtu asiye na jina hupata angalau mstari mmoja. Na kilichofungiwa kinaweza kuombwa. Sheria yao ya uhuru wa habari ya 1966 haimuulizi mwombaji uraia wake. Mtu wa Kigoma anaandika barua sawa na mtu wa Chicago. Yangu nimeielekeza kwa wahandisi wa Jeshi waliopelekwa Shinkolobwe: naomba kila picha, iwe ya filamu au ya mnato, waliyoipiga mgodini, pamoja na kadi zake.